Zimwi la Daftarini na Jirani wa Kweli

Je, ni dhambi kwa Mkristo kutunga na kuchora hadithi za kutisha? Na anayezisoma akashtuka, kisha akacheka, ametenda kosa? Siulizi habari za uchawi wenyewe. Juu ya uchawi na ramli, Kumbukumbu la Torati sura ya 18 imekwisha kutukataza, na hakuna mjadala. Ninauliza habari za hadithi: zimwi linalomeza kijiji kizima, mifupa inayocheza ngoma usiku, fisi anayevaa koti na kwenda msibani.

Sisi wa Ikinga hatuwezi kusema hadithi hizi ni za wageni. Katika milima hii ya Ileje ukungu hushuka mapema, na baridi huwakusanya watu jikoni kuzunguka moto. Hapo ndipo wengi wetu tuliposikia habari za mazimwi kutoka kwa bibi zetu, na bibi hao hao ndio waliotufundisha kusali. Kilichobadilika ni kwamba vijana sasa wanaziandika. Binti mmoja wa darasa la kipaimara alitengeneza kitabu chake kwa mikono yake. Alikata kauntabuku, akashona kurasa kwa sindano na uzi, akaweka jalada la boksi, akachora picha kwa peni nyeusi na masizi ya chungu. Ndani yake mna hadithi fupi. Katika moja, mwenye duka anapima vivuli vya watu kwenye mizani. Asiyelipa deni anaacha kivuli chake dukani, na akifika nyumbani mbwa wake mwenyewe hamtambui. Katika nyingine, fisi anaajiriwa kulia misibani, naye analia kwa uchungu kuliko wafiwa wote, mpaka mtoto mdogo anauliza kwa nini mate yanamtoka.

Daftari lile lilizunguka kwa vijana, likafika mikononi mwa wazee wa kanisa. Baadhi yao walitaka lichomwe moto. Sikuwaona kuwa watu wa kuchekwa, maana hoja zao zilitoka katika Maandiko. Walitaja Wafilipi 4:8, ambapo Mtume anatuagiza tuyatafakari yaliyo ya kweli, ya haki na safi. Walitaja pia Matendo 19:19, ambapo waamini wa Efeso walivichoma vitabu vyao mbele ya watu wote, vitabu vyenye thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Hoja hizi zinastahili jibu.

Tuanze na Efeso. Vitabu vilivyochomwa kule vilikuwa vya watu waliofanya uganga. Mwenye kitabu alikishika ili apate nguvu juu ya mwenzake. Daftari la binti huyu halimfundishi mtu kutia dawa mlangoni wala kumloga mwenzake. Linamwonyesha msomaji mwenye duka mwenye tamaa, na kumwuliza anamfananaje.

Kuhusu Wafilipi, tukumbuke kwamba Biblia iliyotupa mstari huo ndiyo iliyotupa pia bonde la mifupa mikavu katika Ezekieli 37, wanyama wanne wa Danieli 7, na mnyama wa vichwa saba wa Ufunuo 13. Kutafakari yaliyo ya kweli hakumaanishi kulifumbia macho giza. Maana yake ni kulitazama giza ukijua nani ni Bwana wake. Na Zaburi 104:26 inasema jambo la kushangaza: Mungu alimwumba Lewiathani, yule joka la kutisha la baharini, ili acheze majini. Kinachotutetemesha sisi, mbele za Mungu ni kiumbe kinachocheza.

Huenda hapo ndipo kicheko kinapopata nafasi yake. Waliofika Dar es Salaam na kuona kazi za George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, wanawajua mashetani wake: masikio makubwa, matumbo mazito, wakicheza na kuhangaika kama watu wa mtaani. Alizifanya kazi nyingi za namna hiyo Nyumba ya Sanaa, mahali palipoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kikatoliki, Sista Jean Pruitt. Ni vigumu kumsujudia, au kumlipa mganga akukinge naye, shetani uliyekwisha kumcheka.

Lakini kwangu jambo zito zaidi liko katika mlango wa hadithi. Kwa Kiswahili msimulizi huanza kwa kuita, na wasikilizaji humjibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Kabla neno moja la hadithi halijasemwa, watu wote wamekubaliana kwamba kinachokuja hakikutokea. Mlango unafunguliwa, watu wanaingia, na mwisho wanatoka na kwenda kulala. Hadithi ya namna hiyo haimdanganyi mtu, kwa sababu imejitambulisha.

Uvumi hauna mlango. Haumwambii mtu kwamba ni uongo unaokuja. Huanza na kusikia, na kabla jua halijazama una jina la mtu, nyumba yake na njia ya kufika kwake. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kutoka mkoa wa Mbeya, na wenye umri wangu wanakumbuka habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi zilizosikika Mbeya miaka ya mwanzo ya 2000. Tunakumbuka pia jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa katika nchi hii, kwa sababu mtu fulani alimwambia mtu mwingine kwamba viungo vyao huleta utajiri. Tunawajua lambalamba, wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi. Huko Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na mengi ya macho hayo yalikuwa yameumizwa na moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeuawa na zimwi la hadithi. Waliuawa na hadithi iliyokataa kuitwa hadithi.

Ndiyo maana ninaona amri inayohusika hapa zaidi ni ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Katika Katekisimo Ndogo Luther anaieleza amri hiyo kwa namna ambayo kila mtoto wa kipaimara ameisoma: tusimsingizie jirani, bali tumtetee, tumnenee mema, na mambo yake tuyapokee kwa nia njema. Swali la kuuliza juu ya hadithi yoyote ya kutisha, basi, ni hili: kidole chake kinamwelekea nani?

Hadithi njema humwelekea msikilizaji mwenyewe. Nabii Nathani alimsimulia Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, na mfalme alipokwisha kukasirika ndipo akaonyeshwa kwamba tajiri huyo ni yeye. Hadithi ya Nunda mla watu inafanya hivyo hivyo. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu, aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha mwaka 1870. Paka wa sultani anakula mifugo ya watu, kisha watu wenyewe, na kila malalamiko yanapoletwa sultani anayapuuza kwa kuwa paka ni wake. Anashtuka siku wanawe mwenyewe wanapoliwa. Kijana wake mmoja anakwenda kumwinda huyo Nunda, na kila mnyama anayemwua anamletea mama yake: mbwa, pundamilia, twiga, hata tembo. Kila mara mama anamwambia siye. Tunamhitaji mama huyo katika vijiji vyetu, mtu wa kuwaambia vijana wenye hasira na mapanga: mwanangu, huyu siye.

Hata baba zetu wa imani walijaribiwa katika jambo hili. Agano Jipya la Kijerumani la Luther lilipochapwa Wittenberg mwezi Septemba 1522, kitabu cha Ufunuo kilipambwa kwa picha 21 zilizochongwa kwenye mbao katika karakana ya Lucas Cranach. Ni picha za kutisha kweli. Katika baadhi yake, yule mnyama na yule mwanamke wa Babeli walivikwa taji la tabaka tatu, taji la Papa. Katika chapa ya Desemba mwaka huo huo tabaka za juu ziliondolewa, likabaki taji la kawaida. Sisemi walifanya hivyo kwa toba, maana ugomvi wa wakati ule ulikuwa mkali. Ninasema tu kwamba ubao ni ule ule na mnyama ni yule yule, lakini kikiondolewa kidole kinachomwonyesha mtu mmoja, kila msomaji analazimika kujitazama.

Kwenye daftari la binti wetu palikuwa na ukurasa mmoja wa namna hiyo. Alichora bibi kizee mwenye macho mekundu akiwa na ungo, na baadhi ya vijana walianza kumtaja mama mmoja mzee anayeishi peke yake. Binti hakumkusudia yeye. Lakini picha ilikuwa imeanza kutoka nje ya mlango wa hadithi na kutembea kuelekea nyumba ya mtu. Tuliketi naye pamoja na wazee wa kanisa, tukazungumza juu ya amri ya nane. Akabandika karatasi mpya juu ya ukurasa ule na kuchora zimwi lenye masikio ya sungura na miguu ya meza, lisilofanana na mtu yeyote chini ya jua. Daftari halikuchomwa. Jumapili iliyofuata vijana wale walipangwa kwenda kumkatia kuni yule mama, na walikwenda.

Wazazi wenzangu, ukimkuta mtoto wako anachora zimwi, usikimbilie kiberiti. Keti naye, umwombe akusimulie. Mwulize zimwi hilo linapenda nini na linaogopa nini, nawe utajua mtoto wako anaogopa nini. Hofu iliyochorwa unaweza kuitazama pamoja naye na kuiombea. Kama mtoto mdogo hawezi kulala kwa sababu ya hadithi, mhurumie na umwekee hadithi hiyo mpaka akue, maana Paulo ametufundisha kumchukulia aliye dhaifu.

Lakini ukisikia watu wanasimulia habari ya kutisha yenye jina la jirani yako ndani yake, hapo usikae kimya, hata kama anayesimulia ni mtu mzima, ameshika Biblia, na anaapa kwamba ni kweli. Uliza nani ameona. Kisha simama karibu na mlango wa huyo jirani, kwa kuwa Kristo naye alisingiziwa kwamba anatenda kazi kwa nguvu za mkuu wa pepo, na alijua uzito wa neno hilo.