Kusamehe si Kurudi Penye Mkuki

Andiko: 1 Samweli 18 hadi 26

Juma hili tunajibu swali ambalo akina mama wengi hulibeba kimya: mume anayenipiga nikimsamehe, ni lazima nirudi kuishi naye?

Tumwangalie Daudi. Sauli hakuanza na mkuki. Alianza na wivu, wanawake walipomsifu kijana yule. Kisha akawa anamvizia kwa jicho. Kisha akarusha mkuki, ukakosa. Baadaye akaapa mbele ya Yonathani kwamba Daudi hatauawa, na Daudi akarudi. Vita vingine vikapiganwa, Daudi akashinda, mkuki ukarushwa tena. Usiku ule Mikali akamteremsha dirishani, akakimbia.

Kule Engedi Sauli alilia kwa sauti. Safari nyingine akakiri kosa, akamsihi arudi. Daudi alikuwa amemsamehe: mara mbili angeweza kumwua, hakumgusa. Lakini mkuki aliurudisha kwa mkono wa kijana mwingine, yeye akaenda zake. Alisamehe, na hakurudi ikulu. Hakuna mahali Biblia inamlaumu kwa hilo.

Dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi wivu huanzia kwenye simu: nani amepiga, kwa nini umechelewa sokoni. Halafu unakatazwa kwenda kwa mamako, hata kwenye ushirika. Halafu kofi, na asubuhi machozi na leso mpya. Halafu kipigo ukiwa na mimba, panga kuwekwa karibu na kitanda, na maneno "nitakuua, nami nijiue." Usiseme ni hasira tu. Na kukabwa koo ni jambo la kuogopa sana. Watafiti kama muuguzi Jacquelyn Campbell wa Marekani wameonyesha kwamba mke aliyekabwa koo na mumewe, hata akipona bila alama, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye baadaye.

Wengi wetu tumeimba "Ekwueme" wa Osinachi Nwachukwu wa Nigeria. Alifariki Aprili 2022. Jamaa zake walisimulia kwamba walimsihi aondoke, naye akabaki akiamini mumewe atabadilika. Aprili 2025 mahakama ya Abuja ilimhukumu mume huyo kifo kwa kumwua. Mtu atataja Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana. Ndiyo, lakini tusiusome nusu: mstari uo huo unamkemea pia mwenye kujivika udhalimu.

Na kuondoka peke yake hakutoshi. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni kwenye Olimpiki za Paris, alikuwa ameshaachana na mpenzi wake, na familia ilisema imeripoti polisi zaidi ya mara moja. Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024, akitoka kanisani na watoto, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia. Alifariki siku nne baadaye, Eldoret. Mpenzi huyo, aliyetajwa kuwa mshukiwa, naye akafa kwa majeraha ya moto.

Wakati wa kuondoka ndio wenye hatari zaidi, kwa hiyo mtu asiondoke peke yake, wala asitangaze. Daudi alikuwa na Mikali wa kumfungulia dirisha na Yonathani wa kumpasha habari. Sisi ndio tunapaswa kuwa hao. Tumezoea kusema wakigombana shika jembe ukalime. Hapana, ndugu yangu. Ukisikia mayowe kwa jirani, ita watu. Dada akikimbilia kwako usiku, mpe mahali pa kulala, na usimpigie mumewe simu kumwambia yuko wapi. Wazee wa kanisa, tusiwakalishe wawili hawa meza moja "wapatane" huku mmoja anaogopa kusema.

Tuna sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Mahakama inaweza kumzuia mtesaji asimkaribie mtu. Nambari 1195 hupigwa bure, mchana na usiku. Wanaume wanaoteswa pia wapige.

Nawe baba unayejiona ndani ya Sauli, toba yako isiwe machozi tu. Ondoka wewe kwanza, utafute msaada, wala usimdai mkeo akurudie.

Tuombe: Bwana, tufanye tuwe Yonathani na Mikali kwa walio hatarini. Amina.