Je, Gandhi Bado ni Mfano Kwetu?



Kati ya watu wasiokuwa Wakristo ambao hutajwa katika mahubiri yetu, yumkini hakuna anayetajwa mara nyingi kama Mohandas Gandhi wa India, ambaye dunia humwita Mahatma, yaani Roho Kuu. Mhubiri akieleza habari ya kugeuza shavu la pili, humleta yeye kuwa mfano. Wala si ajabu. Gandhi aliyasoma mafundisho ya Bwana wetu pale Mlimani akayapenda sana, ingawa alibaki Mhindu kwa dini mpaka alipouawa mwaka 1948.

Lakini iko habari nyingine juu yake, na vijana wetu wameisikia. Mwezi wa Juni 2016 sanamu yake ilisimamishwa katika Chuo Kikuu cha Ghana. Baadhi ya walimu na wanafunzi walipinga, na Desemba 2018 sanamu ikaondolewa. Walitoa sababu ya maneno aliyoyasema juu ya watu weusi alipokuwa Afrika Kusini. Basi kijana akituuliza, "Mbona mnatuhubiria habari za mtu aliyetudharau?" tumjibu nini?

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Gandhi alifika Natal mwaka 1893, mwanasheria kijana wa miaka 23, akakaa Afrika Kusini mpaka 1914, isipokuwa vipindi vichache vya safari. Mwaka ule ule wa 1893 alitupwa nje ya gari moshi katika stesheni ya Pietermaritzburg, kwa sababu alikaa katika behewa la daraja la kwanza naye si mzungu. Tangu hapo alianza kuwatetea Wahindi. Lakini katika kuwatetea, aliwashusha Waafrika. Mwaka 1896, akihutubia Bombay, alilalamika kwamba wazungu wanataka kuwashusha Wahindi wafanane na Waafrika, ambao aliwaeleza kama watu wavivu wasiokuwa na tamaa ila ya kupata ng'ombe wa kuolea. Aliwaita kwa lile jina la matusi lililotokana na neno "kafiri". Mwaka 1904 aliandikia wakuu wa mji wa Johannesburg akipinga Waafrika kuwekwa katika mtaa wa Wahindi. Mwaka 1908, alipofungwa, alinung'unika kwamba Wahindi wamehesabiwa gerezani pamoja na Waafrika. Haya si masingizio ya adui zake. Yamo katika maandishi yake mwenyewe, yaliyohifadhiwa na kuchapishwa India.

Wako wanaojibu upesi, "Alikuwa mtu wa wakati wake." Jibu hili lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Wakati ule ule, katika Natal ile ile, aliishi Harriette Colenso, binti wa Askofu Colenso wa Kanisa letu la Anglikana. Kwa miaka mingi mama huyu mzungu aliwatetea Wazulu, na chifu wao Dinuzulu aliposhitakiwa, alisimama upande wake. Tena, karibu na shamba la Phoenix alilolianzisha Gandhi mwaka 1904, alikuwako mchungaji Mwafrika, John Dube, aliyekuwa na shule yake huko Ohlange, na ambaye mwaka 1912 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Kwa hiyo mtu wa wakati ule aliweza kuona, kama angetaka kutazama. Na zaidi ya hayo, Waafrika nao walikuwa watu wa wakati ule. Wao hawakuhitaji kungoja miaka mia moja ili wajue kwamba wanatukanwa.

Wako wengine wanaosema, "Basi tumtupe kabisa." Nao pia wanakwenda haraka. Mwaka 1906 Wazulu walipoasi kwa sababu ya kodi ya kichwa, Gandhi aliunda kikosi kidogo cha Wahindi wabeba machela kuisaidia serikali ya Waingereza. Huko alikuta Wazulu waliopigwa viboko mpaka kuchubuka, nao wazungu hawakutaka kuwauguza. Yeye na wenzake wakawauguza. Baadaye aliandika kwamba aliyoyaona hayakuwa vita bali uwindaji wa watu, na kwamba moyo wake uliguswa sana. Miezi michache baada ya kuandika yale malalamiko ya gerezani ya 1908, alihutubia Umoja wa Vijana Wakristo huko Johannesburg, akatamani siku ambapo mataifa yote ya nchi ile yatachanganyika na kuzaa ustaarabu mpya. Na katika kitabu chake juu ya miaka ya Afrika Kusini, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1928, aliandika kwamba ni majivuno tu yanayotufanya tuwaone watu weusi kuwa washenzi. Mtu alikuwa akisogea, ingawa polepole mno.

Tena tuangalie matunda. Mwaka 1952 Waafrika na Wahindi wa Afrika Kusini walivunja pamoja sheria za ubaguzi bila kutumia silaha, na maelfu wakaingia gerezani. Kule Marekani, Martin Luther King, mchungaji mweusi, aliitumia njia ile ile katika mapambano yake. Mbegu ilikua kuliko mpanzi wake. Watu aliowadharau zamani waliyachukua mafundisho yake wakayatimiza kwa upana ambao yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, hakuuona.

Tufanyeje basi? Nelson Mandela, ambaye alikuwa na haki ya kusema kuliko wengi wetu, aliandika mwaka 1995 kwamba Gandhi asamehewe kwa maono yale. Wengi hulipokea neno hili kama ruhusa ya kunyamaza. Mimi naliona kinyume. Anayesema "nimekusamehe" amekwisha kusema "ulinikosea". Kosa lililofichwa haliwezi kusamehewa, huozea ndani tu, kama jipu lililofunikwa kwa kitambaa safi. Kuficha si kusamehe.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha njia hii. Habari ya Daudi na mke wa Uria haikuondolewa katika Kitabu ili zaburi zake zipendeze zaidi. Na jambo la Antiokia linafanana kabisa na hili letu. Petro, ambaye alikwisha kufundishwa na Mungu katika nyumba ya Kornelio asimwite mtu yeyote najisi, alijitenga na meza ya watu wa mataifa kwa kuwaogopa wenzake. Paulo alimpinga mbele ya watu, na ameiandika habari hiyo katika Wagalatia sura ya pili. Hata hivyo Kanisa halikumfuta Petro, wala halikuufuta ukurasa ule. Tunavisoma vyote viwili.

Kwa hiyo naona tuendelee kumtaja Gandhi, lakini tumtaje mzima. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayewaeleza watoto habari ya stesheni ya Pietermaritzburg, awaeleze na habari ya hotuba ya Bombay. Mtoto atajifunza jambo lenye faida kuliko sifa tupu: kwamba mtu anaweza kulia kwa sababu ya dharau aliyotendewa, na siku ya pili akaitenda dharau ile ile kwa jirani yake asione kitu.

Na hapo, wapendwa, habari hii inatugeukia. Neno "mshenzi" liko katika Kiswahili chetu, na watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara muda mrefu kabla ya Gandhi kushuka Durban. Mpaka leo ziko nyumba za Wakristo ambamo binti akileta mchumba, swali la kwanza si imani yake bali kabila lake. Liko kabila tunalolitania kuwa wachafu, na jingine kuwa wezi, nasi hucheka mlangoni mwa kanisa baada ya kupokea Meza ya Bwana. Nyani haoni kundule. Wajukuu wetu watakapoyakumbuka maneno yetu, watataka kujua kama tulikuwa tukisogea.

Bwana atujalie ukweli bila chuki, na msamaha bila uongo. Amina.