Sheria Isiyomfikia Inamfunga

Tunduma ni mji ambao mtu hutoka mikononi mwa dola moja na kuingia mikononi mwa nyingine kwa hatua chache. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Mama anayepitisha mchele asubuhi yuko chini ya sheria zilizotungwa Dodoma, mchana yuko chini ya za Lusaka, na jioni amesharudi nyumbani kupika. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza usumbufu wa kukaguliwa mara mbili, lakini hakijamfundisha mtu kifungu hata kimoja. Akikosea upande wa Tanzania, Kanuni ya Adhabu imeshajibu katika kifungu cha 8: kutojua sheria si utetezi.

Kwa haki gani mtu anaadhibiwa kwa neno ambalo hajawahi kulisikia?

Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliona kwamba amri isiyotangazwa bado haijawa sheria kamili, kwa kuwa haijawafikia wanaopaswa kuitii. Waislamu, wakitegemea aya ya 15 ya Sura ya Israa, wanautanguliza ujumbe mbele ya adhabu: watu hawaadhibiwi kabla hawajafikiwa na mtume. Katika Nehemia sura ya 8, Ezra anasoma torati hadharani mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake wakisikiliza, na Walawi wanaieleza mpaka watu waelewe. Hapo ndipo penye uzito. Kusoma peke yake hakukutosha. Palihitajika watu wenye elimu wa kusimama katikati ya umati na kufafanua.

Kazi hiyo ya Walawi leo ni ya nani? Serikali huchapa sheria zake katika Gazeti la Serikali na kuhesabu kwamba imezitangaza. Duka gani la Tunduma linaliuza?

Mahakama ya Tanzania imepiga hatua kubwa kwa kuweka hukumu zake bure kwenye tovuti ya TanzLII. Mwanafunzi wa sheria akifungua simu anaona majina ya wadaawa, mwaka ndani ya mabano ya mraba, kisha TZHC ikiwa ni hukumu ya Mahakama Kuu au TZCA ikiwa ni ya Mahakama ya Rufani. Zamani hukumu kama ile ya Jaji Mwalusanya kuhusu Holaria Pastory, iliyotolewa Mwanza mwaka 1990 na kumpa mwanamke wa Kihaya haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, ilisomwa zaidi na wale wenye maktaba ya chuo karibu. Leo anayetaka kuchambua hukumu na kubishana na wenzake mtandaoni hahitaji ruhusa ya mkutubi.

Nguvu ya mabishano hayo ilionekana mwaka 2023. Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari tarehe 10 Juni, na nakala ikasambaa kwenye simu za watu. Profesa Issa Shivji alikuwa miongoni mwa wanasheria walioyachambua hadharani, wengine wakayatetea. Vijiweni watu wakaanza kutaja ibara kwa namba. Wananchi wanne walifungua shauri la kuyapinga katika Mahakama Kuu Mbeya, jirani kabisa na Songwe, mkoa ulipo Tunduma, na tarehe 10 Agosti majaji watatu wakalitupilia mbali. Walishindwa, naam. Lakini maelfu ya watu wasiowahi kukaa darasa la sheria walikuwa wamejifunza kuuliza mkataba unasema nini, na hilo halikufutwa na hukumu.

Wapo wanaoogopa kwamba mjadala wa wazi hupotosha, kwamba asiyesomea atashika kifungu kimoja na kuacha vingine kumi. Hofu hiyo ina msingi, maana upotoshaji ulikuwepo. Hata hivyo, tiba yake ni msomi kuongea zaidi na kwa uwazi zaidi. Akinyamaza, anamwachia uwanja mwenye sauti kubwa na elimu ndogo, kisha analalamika kwamba watu hawajui.

Lugha nayo ni sehemu ya deni hilo la wasomi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibakiziwa nafasi pale haki inapokihitaji. Lakini sehemu kubwa ya hukumu zilizokwisha kuwekwa mtandaoni ni za Kiingereza, na walimu wengi wa sheria bado wanabishana wao kwa wao kwa lugha hiyo.

Mjane wa Mbozi, mkoani Songwe, anayenyang'anywa shamba la kahawa na shemeji zake ana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 upande wake; kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Wajumbe wa baraza la kata watakaowasuluhisha si lazima wawe wamesomea sheria. Chuo Kikuu cha Mzumbe kina kampasi Mbeya inayofundisha sheria. Ufafanuzi wa kifungu hicho kwa Kiswahili chepesi, ukiandikwa na mwanafunzi, ukasahihishwa na mwalimu wake na kutumwa kwa simu, ungeweza kumfikia mjumbe wa baraza kabla kikao hakijaanza.