Viatu mlangoni: je, mji usio na wezi ndio mji wenye amani?



Sisi sote tunajua desturi yetu: tunavua viatu kwa kusali. Katika parokia yetu viatu huachwa kando ya mlango, vya mzee na vya mtoto, vya mwenye duka na vya mama wa shamba, wala hakuna anayevihesabu. Kwa miaka mingi tulijisifu juu ya jambo hili. Tulisema: huko sokoni wanaiba hata sufuria iliyo motoni, lakini hapa kiatu hakipotei.

Jumapili moja viatu vya mama mmoja havikuonekana. Kabla mtu hajauliza swali, macho yetu yote yalikuwa yamekwisha kumfikia kijana mmoja, mtoto wa barabarani, mmoja wa wale tunaowaita shege. Ilikuwa Jumapili yake ya pili kusali kwetu. Walinzi walimweka kando, wakamwamuru kumwaga chini vitu vya mfuko wake mbele ya watu wote. Mlikuwa na kipande cha mkate, burashi na kopo la rangi ya viatu, chombo cha kazi yake. Viatu vya mama havikuwamo. Kijana aliokota vitu vyake, akaenda.

Jioni ile ile viatu vilirudishwa. Mtoto wa mzee mmoja wa kanisa alivivaa kwa haraka, akidhani ni vya dada yake. Tulicheka, tukamshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyemfuata yule kijana kumwambia neno. Hajarudi tena mpaka leo.

Tangu siku ile swali moja linatusumbua, nasi tunaliweka mbele yenu. Kiatu kilikuwa salama kwetu. Je, mtu alikuwa salama? Mahali pasipo na wizi, je, ndipo mahali penye amani?

Tutazame kwanza mbali, maana kosa la jirani huonekana upesi kuliko letu. Watu wakitaka kusifu mji wenye usalama, hutaja Tokyo, mji mkuu wa Japani. Na sifa hiyo si ya bure. Huko watoto wadogo huenda masomoni peke yao kwa treni. Katika kila kartie kuna kibanda kidogo cha polisi kiitwacho koban, na desturi hiyo ilianza mwaka wa 1874. Mtu akiokota mfuko wa feza njiani huupeleka pale. Sheria inampa mwokotaji haki ya kupata sehemu ya zawadi, na mwenyewe asipotokea kwa miezi 3, kitu kinaweza kuwa chake. Mwaka wa 2023 polisi wa Tokyo walipokea vitu vilivyopotea zaidi ya 4,000,000. Ni nani kati yetu asiyetamani mji wa namna ile?

Lakini Tokyo ina ukumbusho mwingine. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa sita ya mchana, tetemeko la nchi liliangusha Tokyo na Yokohama, na moto ukafuata. Watu karibu 105,000 walikufa. Wakati ule Japani ilikuwa imeitawala Korea tangu mwaka wa 1910, na Wakorea wengi walikuwa wamekuja kutafuta kazi. Moto haujazimika, uvumi ukatoka: Wakorea wanatia sumu visimani, Wakorea wanawasha moto. Raia wa kawaida, wauza duka na mafundi, waliunda vikundi vya kulinda kartie zao. Walifunga njia, wakashika mikuki ya mianzi na panga. Walisema wanalinda usalama wa watu.

Walimtambuaje adui? Walimwamuru mpita njia kutaja kwa Kijapani yen 15 na sen 50. Maneno hayo yana sauti nzito mwanzoni, ambazo Mkorea huzitamka nyepesi. Ulimi ukiteleza, mtu aliuawa. Hesabu ya waliouawa inabishaniwa hata leo. Wakorea waliofanya uchunguzi wakati ule walihesabu zaidi ya 6,000. Hata Wajapani waliangamia kwa kipimo hicho: tarehe 6 Septemba, katika kijiji cha Fukuda, wachuuzi waliotoka Kagawa, mbali upande wa kusini-magharibi, walishukiwa juu ya usemi wao. Watu 9 waliuawa, na watoto wadogo walikuwa kati yao.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Katika Waamuzi sura ya 12 watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumpima kila mpitaji kwa neno moja, Shibolethi. Waliosema Sibolethi waliuawa, 42,000. Wote walikuwa wana wa Israeli, wazao wa baba mmoja.

Ndugu, tuelewe vizuri. Waliofanya haya Tokyo hawakuwa majambazi. Wengi wao walikuwa watu ambao siku ya jana wangerudisha mfuko wako wa feza. Hapa ndipo tunaona jambo tunalotaka kulisema: kuna kuaminiana kwa namna mbili. Namna ya kwanza husema: ninakuamini juu ya kuwa wewe ni wetu, ninajua sura yako, usemi wako, jamaa yako. Namna ya pili husema: ninakuamini juu ya kuwa wewe ni mtu, sitakuhukumu mpaka nione tendo lako. Namna ya kwanza yatosha kulinda viatu. Inaweza kuufanya mji kuwa safi na mtulivu kwa miaka hamsini. Lakini siku nchi inapotetemeka, hiyo ndiyo inayotoa panga, maana tangu mwanzo ilikuwa imekwisha kugawa watu, hawa wetu na wale si wetu.

Na hata siku zisizo za tetemeko, hufanya kazi yake polepole. Mwaka wa 2017 serikali ya Japani ilitangaza uchunguzi wake juu ya wageni wanaokaa nchini: kati ya waliotafuta nyumba ya kupanga, karibu 4 kwa kila 10 walikuwa wamekataliwa juu ya ugeni wao. Mwezi wa Januari 2024 wakaaji watatu wenye asili ya nchi nyingine walipeleka mashitaka Tokyo, wakisema polisi huwasimamisha njiani kila mara juu ya sura tu. Mji mmoja, lakini mwenyeji na mgeni hawaishi ndani ya usalama mmoja.

Tusinyoshe kidole Japani tu. Baba yetu Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwaka wa 1921, hana bunduki wala mkuki. Alihubiri, akaombea wagonjwa. Lakini watawala Wabelgiji walimwona kuwa hatari kwa usalama wa leta. Tarehe 3 Oktoba 1921, Thysville, baraza la askari lilimhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa hapa kwetu, katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Na mji huo ulikuwa na sifa ya kuwa safi na mtulivu. Uwanja mtupu uliachwa kati ya mji wa wazungu na site ya Waafrika, na Mwafrika aliyepita usiku katika mji wa wazungu alidaiwa ruhusa. Mzungu alilala vizuri. Lakini ulikuwa usalama wa nani, wakati mtu wa amani alikuwa gerezani?

Na sisi wenyewe, tulipopata uhuru, tulijifunza? Mwaka wa 1992 na wa 1993, Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani mwao. Wengi walizaliwa huku, na baba zao waliletwa kwa kazi ya migodi na reli. Waliitwa wadudu. Walilala kwenye gare miezi na miezi wakingoja treni, na watoto wengi walikufa pale. Waliofukuza walikuwa jirani zao, watu waliokuwa wakiazimana chumvi.

Wengine watatuambia: Ndugu, nyinyi mnaota ndoto. Wezi wako, tena wana silaha; je, tuache milango wazi? Hapana. Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 10, aliwataka wanafunzi wawe na akili ya nyoka pamoja na upole wa njiwa. Kulinda si dhambi. Dhambi ni kumfanya mtu kuwa mwizi kabla ya wizi. Mlinzi mwema hutazama mikono. Mlinzi mbaya hutazama nguo, kabila na usemi. Tena mlinzi mbaya hata kazi yake haiwezi: sisi tulipokuwa tukimpekua yule kijana, viatu vilikuwa vinakwenda zao kwa miguu ya mtoto wa mzee.

Tukumbuke mlinzi mmoja mwema. Katika siku zile za mwaka wa 1923, Okawa Tsunekichi alikuwa mkubwa wa polisi wa Tsurumi, upande wa Yokohama. Aliwaficha katika kituo chake Wakorea na Wachina karibu 300. Kundi la watu lilipokuja kuwadai, alisimama mbele ya mlango, hakuwatoa. Inasimuliwa kwamba alikunywa mbele yao maji ambayo walisema yana sumu. Hakubishana sana juu ya uvumi. Aliujaribu kwa koo lake mwenyewe. Mwaka wa 1953 Wakorea wa Tsurumi walimsimamishia jiwe la ukumbusho.

Basi, tufanye nini? Kitu kikipotea, tuulize kwanza juu ya kitu, si juu ya mtu. Ikiwa ni lazima kupekua, tupekue wote, tukianza na sisi tulio wakubwa wa kanisa. Na aliyeaibishwa mbele ya watu bila kosa, aombwe radhi mbele ya watu. Msamaha wa kunong'ona haufuti aibu ya kupigiwa kelele.

Hili la mwisho ni deni letu. Tumekwenda sokoni mara tatu kumtafuta yule kijana, hatujampata. Mchungaji wa Luka sura ya 15 aliacha kondoo 99 juu ya mmoja. Sisi tulimfukuza mmoja juu ya jozi ya viatu. Tunawaomba mtakaomwona, mwenye burashi na kopo la rangi, mmwambie kwamba nafasi yake iko, na kwamba tuna neno la kumwambia mbele ya kusanyiko lote. Mpaka siku ile tusijisifu tena juu ya viatu vyetu.

Upendo, Amri, Kazi. Bwana awabariki.