Wigo wa Mti na Haki ya Mtu

Mti uliopandwa kando ya barabara ya mji ni mali ya nani? Jibu jepesi ni kwamba ni mali ya wote. Lakini mara nyingi kitu cha wote hukosa mlinzi, na ndiyo sababu mche wa mjini hujengewa wigo.

Dodoma, mji ulioamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi yetu, unatufunza vema jambo hili. Mvua zake ni haba, nazo hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi kikikaza, jani bichi huwa adimu, na mbuzi auonapo mche husimama kwa miguu ya nyuma akaula mpaka kilele. Akiliguguna gome kuzunguka shina lote, mche hufa, kwa kuwa chakula kitokacho majanini hupitia humo kwenda mizizini. Basi wigo ni lazima, nao una kanuni zake: uzidi kimo cha mbuzi aliyesimama, upitishe upepo na mwanga, ukae mbali na shina, ili udongo wa mizizini usikanyagwe ukashupaa.

Zamani, nilipokuwa mtumishi wa serikali mjini humo, tuliizungushia miche fito kavu. Asubuhi moja nilimkuta mama mzee akizing'oa. Nikamwambia kwa ukali, "Mama, unaiba mali ya umma!" Akanitazama, akajibu, "Mwanangu, kivuli chenu kitakuja baada ya miaka kumi. Wajukuu wangu wana njaa leo." Nikanyamaza. Je, kosa lilikuwa lake, au letu sisi tulioweka kuni kavu njiani mwa mwenye dhiki, kisha tukamwita mwizi?

Tangu siku ile naamini kwamba wigo usiomfikiria mtu ni dhuluma, hata ukilinda jambo jema. Afadhali matofali yaliyojengwa kwa kuachiwa matundu, ingawa gharama yake ni kubwa, kwani hayapiki uji. Na bora zaidi ni kumwita mama yule siku ya kupanda, atoe shauri lake, naye aahidiwe fungu la kuni matawi yatakapopogolewa. Mwenye fungu katika mti hauchomi wigo wake.

Tena, wigo una muda wake. Waya uliosahauliwa shinani hulikaba gome kadiri mti unavyonenepa, hata kilichowekwa kiwe mlinzi kikawa muuaji. Kwa hiyo ajengaye wigo na ajue pia siku ya kuuondoa. Siku hiyo ndipo tutakapojua kama tulipanda mti tu, au tulipanda na utu: wigo utakapoondoka, na mti ukabaki umesimama salama katikati ya watu.