Heshima Haichanjwi Mwilini Wala Hainunuliwi kwa Kikombe

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya hapa Majoreni limeletwa suala na baadhi ya vijana wafanyao kazi Diani. Wasema: "Mwili ni wetu, na fedha twazichuma kwa jasho letu. Tukijichora tatuu mkononi, au tukinywa kahawa ya ghali mbele za watu, pana dhambi gani? Twataka watu wajue sisi ni nani."

Suala hili si la upuuzi, wala jawabu lake si kukemea na kufukuza. Neno lao la mwisho ndilo lenye kutaka kufikiriwa: Je, mtu hujulikana kwa nini?

Tuanze na kahawa, kwani jambo lake ni jepesi. Kahawa asili yake ni halali. Masufi wa Yemen waliinywa tangu zamani wapate kukesha katika dhikri. Na mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg alipoipiga marufuku, amri yake haikudumu, ilitenguliwa na wakubwa wake wa Misri. Basi hatusemi kuwa kahawa yenye povu la maziwa ni haramu, wala bei kubwa peke yake haiharamishi kitu.

Lakini na tutazame kazi iliyofanywa na kahawa katika baraza zetu. Muuzaji huja na dele lake lenye makaa chini, akaligonganisha kombe kwa kombe watu wapate kumsikia. Mvuvi na mwenye jahazi hukaa ubao mmoja, na kila mmoja hupewa kikombe kidogo kile kile cha shilingi chache. Hapana awezaye kununua cheo kwa kikombe hicho. Wakinywa huulizana khabari: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hakuonekana msikitini tangu Ijumaa. Sasa kitazameni kikombe cha mamia ya shilingi, ambacho hupigwa picha kwanza ndipo kikanywewa, na mnywaji hamwulizi khabari aliye karibu naye. Huyu amenunua macho ya watu. Na ikiwa fedha hizo amezikopa kwa simu, na deni lazidi kila siku, na nyumbani mamake hana unga, basi hapo pameingia israfu, na riya, na riba, yote katika kikombe kimoja.

Ama tatuu, hukumu yake ni nzito zaidi. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuchanja na mwenye kutaka kuchanjwa, kama walivyopokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Mas'ud, kwa kuwa ni kugeuza alivyoumba Mwenyezi Mungu. Hina na wanja si katika hayo. Hayo ni mapambo yenye kutoka, na kila mwenye kuyatumia kwa mahali pake hana lawama. Na kauli ya kuwa mwili ni wangu haisimami. Mwili huu hatukujiumbia, wala hatuwezi kuuzuia usizeeke. Ni amana. Kijana wa miaka 20 ana haki gani ya kumfunga mzee wa miaka 60, atakayekuwa yeye mwenyewe, kwa shauku ya siku moja?

Wako watakaosema: mbona watu wa zamani walichanja? Majirani zetu Wamakonde, ambao wazee wao walikuja Kwale kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walikuwa na nembo usoni. Nembo ile ilimtambulisha mtu ni mtoto wa watu gani. Hata hivyo haikuwapa haki mbele ya serikali. Walikaa miaka mingi bila vitambulisho. Mwaka 2016 walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi, ndipo wakakubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Waliijuza nchi wao ni nani kwa subira yao na umoja wao.

Hapa pana jambo ambalo halifai kunyamaziwa. Wako wasemao kuwa kijana aliyekwisha chanjwa sala yake haisihi, wakamtazama kwa jicho baya hata akaikimbia safu. Hilo ni kosa. Aliyechanjwa utotoni au kwa nguvu hana dhambi. Aliyejitakia, na atubu. Na mafaqihi wetu wa Kishafii wamesema, ikiwa yawezekana kuitoa alama bila madhara, na aitoe. Na ikiwa yaogopewa madhara, haimlazimu, na sala yake yasihi. Mlango wa toba ameufungua Mola. Nani aliyempa mtu wa safu ya mbele ufunguo wa kuufunga?

Na sisi watu wazima tusijitoe katika maneno haya. Akopaye ili harusi ya binti yake ishinde ya jirani, na avaaye joho ili apishwe njia, ana ugonjwa ule ule wa vijana, ila wake umefunikwa kwa nguo ya heshima. Wakubwa wa Vumba Kuu walikuwa na siwa na ngoma za enzi. Leo mji wao ni magofu. Atajwaye kwa kheri baada ya kufa ni aliyeacha kisima, au elimu, au mtoto mwema.

Enyi vijana wetu, mwataka kujulikana, na hilo si aibu. Basi julikaneni kwa ukweli wa ahadi, kwa usafi wa mkono, na kwa kumkidhia haja aliye dhaifu. Alama hiyo haina sindano, wala haina bei, na yaonekana hata gizani.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.