Je, Jina Lauzika?

Mgeni ashukaye katika stesheni ya Twickenham, kusini-magharibi mwa London, hukutana kwanza na baa iitwayo Cabbage Patch, yaani Shamba la Kabichi, kabla hajauona uwanja mkuu wa raga wa Uingereza. Jina hilo lina asili yake. Mwaka 1907 William Williams alikinunulia chama cha raga cha nchi hiyo ekari 10 na robo za ardhi iliyokuwa ikilimwa kabichi, kwa pauni 5,572 na ushei. Mechi ya kwanza ilichezwa Oktoba 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, mifugo ikalishwa katika nyasi zile, na wachezaji wakaenda kupigana. Ronald Poulton-Palmer, aliyekuwa nahodha wa Uingereza mwaka 1914, aliuawa Ubelgiji Mei 1915. Leo uwanja huo una viti 82,000.

Mwaka 2024 haki ya kuupa jina iliuzwa kwa kampuni ya bima, nao sasa waitwa Allianz Stadium. Ndipo linapozuka swali letu: je, jina ni mali ya kuuzwa?

Wauzaji wana hoja, nayo si haba. Ardhi ni yao, waliilipia. Nyasi hazijimwagilii, na vijana wa vilabu vidogo hawafunzwi kwa kumbukumbu. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?

Hata hivyo, yafaa tuulize thamani ya jina lile ilitoka wapi. Haikutoka katika matofali, kwa kuwa matofali yamebomolewa na kujengwa upya mara nyingi. Ilitoka kwa watu waliocheza pale. Na raga ya muungano haikuruhusu wachezaji kulipwa hadi mwaka 1995. Kwa zaidi ya miaka 80, basi, walioujenga utukufu wa Twickenham waliujenga bure: wengine kwa mifupa iliyovunjika, wengine kwa jasho la Jumamosi baada ya juma zima la kazi. Walitoa, hawakuuza.

Watu wa pwani tunalo neno la kitu cha namna hiyo: wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi hiba. Msimamizi huitunza na kuyatumia mapato yake kama mtoaji alivyokusudia. Twickenham haikuwekwa wakfu kisheria, na mahakama isingemzuia yeyote. Lakini si kila kilicho halali ni chema. Anayekiuza kilichotolewa bure hamwibii mnunuzi. Humgeuza mtoaji kuwa mfanyakazi asiyelipwa, baada ya kufa kwake, wala hawezi tena kukataa.

Hapa ndipo msimamizi anapopaswa kujipima. Auze viti, chakula na matangazo ya ukutani, kwani hivyo amevitengeneza yeye. Jina alilikuta.

Na huenda jina lina kisasi chake cha upole. Hakuna aliyelipa hata senti ili uwanja ule uitwe shamba la kabichi. Walioanza kuuita hivyo wamekwisha kufa, kabichi zenyewe zimetoweka zaidi ya karne moja, na hadi leo msafiri hulisoma jina hilo karibu na stesheni. Kibao hukaa kwa mkataba. Jina hukaa kwa mapenzi ya wasemao.